Pale Basi Lilipogeukia

Nyumbani, 4 Machi

Mwanangu, fundi wangu wa lifti,

Salamu zangu zigawe hivi: wewe chukua moja, mkeo moja, na zote zilizobaki mpe mjukuu wangu, kila shavu lipate lake. Mimi sijambo. Goti la kushoto linagoma nikipanda ngazi, lakini siku hizi sipandi ngazi, na sababu yake utaisoma mbele. Ninyi je? Kwenye picha uliyotuma shingo yako imekuwa nyembamba. Mwambie mkeo simlaumu, nimeuliza tu.

Utasema mama simu anayo, barua za nini. Simu nikiishika maneno yananitoroka, na wewe unaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku nyundo inagonga nyuma yako. Barua utaisoma umekaa. Tena hii kaa kweli.

Mji wetu unatimiza miaka hamsini tangu basi la kwanza lifike. Ofisi ya mji imeunda kamati. Kitabu cha historia kinaandikwa, na pale kwenye mzunguko wa barabara, katikati kabisa, litasimamishwa jiwe kubwa kutoka machimboni, lenye maandishi ya kuchongwa. Unajua litaandikwa habari za nani? Za baba yako! Na mimi nimo ndani.

Karani wa kamati, binti mpole mwenye miwani, alikuja hapa nyumbani na daftari. Alisema atakaa nusu saa. Alikaa kutwa. Maskini, kalamu yake iliishiwa wino nikampa ya kwangu. Nilimweleza yote, na hapa nayaandika kama nilivyomwambia, ingawa unayajua, kwa sababu maneno yetu yanapaswa kufanana. Utaona kwa nini.

Nilimwambia hivi. Hapa palikuwa uwanja wa majani tu, na barabara ya vumbi ikipita kwenda machimbo ya mawe, maili mbili mbele. Nyumba hata moja haikuwepo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nabeba birika la chai kutoka kwa shangazi kuwapelekea wachonga mawe. Siku hiyo basi jipya la kampuni, la kijani, lilitakiwa kwenda mpaka lango la machimbo. Likafika hapa, likaniona. Naam, likaniona! Likaacha barabara, likazunguka uwanja mzima polepole, likasimama mbele yangu. Dereva akashuka, kijana, kofia imekaa upande, akasema, "Dada, nipe kikombe." Akanywa akamaliza, akawageukia abiria: "Mwisho wa safari ni hapa."

Kesho yake hapohapo. Keshokutwa hapohapo. Abiria wakawa wanashuka na kutembea maili mbili kwenda kazini, jioni wanarudi kulisubiri basi, wanakunywa chai yangu. Penye watu wanaosubiri akaja kinyozi, akatundika kioo kwenye nguzo. Akaja fundi cherehani. Akaja mwenye duka. Mmoja akachoka kutembea kila siku, akajenga, na wa pili akaona wivu, naye akajenga. Na wote walijenga pembeni mwa lile duara la matairi lililochorwa kwenye majani, hakuna aliyethubutu kuliziba. Ndiyo maana mpaka leo katikati ya mji wetu ni mviringo, na wageni wanashangaa ni mhandisi gani aliyeupima. Nikamwambia binti, mhandisi ni mume wangu. Mji mzima ni pete aliyonivisha kabla ya ile ya kidoleni.

Binti wa watu alivua miwani akaifuta.

Na mji wenyewe ukiuona sasa! Stendi ina paa la kioo. Shule uliyosoma, ile ya chumba kimoja, ina maabara na bendi. Tuna maktaba, tuna chuo cha ufundi, tuna hospitali ya ghorofa nne. Tuna bustani yenye bwawa, na bwawani mna mabata kumi na mmoja. Walikuwa kumi na wawili, mmoja inasemekana amehama. Watu wa jijini wanakuja Jumapili kutembea kwetu. Kwetu! Zamani sisi ndio tuliokwenda kuwatazama wao. Na kuna jengo la maduka lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Ndiyo sababu sipandi ngazi tena: nasimama tu, mkoba mkononi, nafika juu kama mheshimiwa. Kila nikifika nawaambia walio karibu, "Mwanangu ndiye anayetengeneza vitu hivi huko nje." Najua wewe ni wa lifti. Watu hawana haja ya kujua kila kitu.

Sasa kazi yako. Kamati inataka shahidi wa pili, mtu aliyesikia habari hii kwa marehemu mwenyewe. Nimewaambia yupo. Andika ukurasa mmoja, uthibitishe kwamba baba yako aligeuza basi hapa kwa ajili yangu, utie saini inayosomeka. Sherehe ni tarehe 5 Julai.

Mama yako


29 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Mjukuu wako salamu zake alizipokea mashavuni akataka na za babu, ikabidi nimpe. Shingo yangu iko kama ilivyokuwa, ni kola ya ovaroli iliyo pana.

Barua yako niliisomea ndani ya lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, mwenzangu ameenda kuleta kifaa. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kweli, sakafuni, na nikaisoma mara mbili. Mara ya pili sikuwa tena ndani ya lifti. Nilikuwa nimekaa kwenye boneti la ndani ya basi, kando ya baba, mapaja yanaungua kwa moto wa injini lakini siombi kushuka. Filimbi, kondakta wake, ananiachia nipulize filimbi yake mara moja tu, basi linapoingia kwenye duara. Unakumbuka majani ya katikati yalivyokuwa marefu? Hakuna aliyeyakanyaga. Tulikuwa tunajificha humo, tunasikia basi likituzunguka pande zote, tunajiona tuko katikati ya dunia. Na kioo cha kinyozi kilichopasuka, mtu anatoka pale akiwa na nyuso mbili. Na benchi lako, na vikombe vyekundu vya bati, kimoja kina tundu na wewe unajua ni nani wa kumpa hicho.

Hapa ninapoishi mtaa ulijengwa kabla hajazaliwa yeyote ninayemjua. Niliwahi kuuliza nani alikuwa wa kwanza kukaa hapa. Walinitazama kama nimeuliza jina la mvua.

Hongera kwa jiwe, mama. Nalifurahia sana. Kuhusu ule ushahidi, nipe muda kidogo, kazi imebana. Halafu niambie, Filimbi bado yupo? Amesema nini kwenye kamati?

Mwanao


Nyumbani, 12 Aprili

Mwanangu,

Natumai mmeamka vizuri huko, kama huko wanaamka wakati tunaoamka sisi. Mimi mzima, isipokuwa hasira, na hasira si ugonjwa.

Barua yako nimewasomea majirani. Pale pa lifti niliongeza kidogo, nikasema ghorofa ya thelathini. Walishika vifua.

Umeuliza habari za Filimbi, umenigusa palepale. Yupo, mzima, kondakta mstaafu, filimbi bado inaning'inia shingoni kama hirizi. Juzi kamati ilituita ukumbini. Karani akasoma maelezo yangu mbele ya watu, yakatiririka vizuri, hata mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Kisha mwenyekiti akamgeukia Filimbi.

"Mzee, wewe ulikuwemo ndani ya basi. Ndivyo ilivyokuwa?"

Filimbi akatazama dari. "Basi liligeukia hapa. Hilo kweli."

"Kwa ajili ya huyu mama?"

"Mimi nilikuwa nakata tiketi."

"Lakini ulikuwa na macho, mzee!"

"Macho yalikuwa kwenye tiketi."

Watu wakacheka. Mke wa fundi cherehani akakohoa kile kikohozi chake chenye maneno ndani. Nikasimama. Nikamwambia, "Shemeji, miaka hamsini umekunywa chai yangu, leo umemeza na filimbi yako?" Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Shemeji, mwulize mwanao. Mimi nilimwahidi marehemu."

Alimwahidi nini? Mtu haahidi kuficha jambo jema. Nilirudi nyumbani nimepita pembeni pembeni, sikupita hata bustanini, na unajua ninavyopenda kupita bustanini siku nimevaa vizuri.

Sasa mchongaji wa jiwe anasubiri maneno. Kamati inasema bila shahidi wataandika tu mwaka na neno "basi", kama vile lilijiendesha lenyewe. Nimekaa kwenye mji huu kabla haujawa mji. Nimewaambia watu wote habari ile, kuanzia mwalimu wako wa kwanza hadi dada anayefagia stendi mpya. Wakiandika mwaka na basi, watasema Mama Birika alijitungia.

Ukurasa mmoja, mwanangu. Lifti zitangoja.

Mama yako


Nyumbani, 3 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima.

Barua yako haijafika. Kwenye simu ukasema utaandika, ukasema wiki ijayo, na wiki hizo sasa zimefika saba. Mimi si mjinga. Darasa langu ni la tano lakini nimesoma watu.

Nitauliza mara moja, halafu sitauliza tena. Kulikuwa na mwanamke mwingine? Ndiye basi lilimfuata, mimi nikatokea tu na birika langu? Nimekaa hapa barazani nimewakumbuka mmoja mmoja wote waliokuwa wakisubiri pale siku zile za kwanza. Yule aliyeuza mayai ya kuchemsha. Yule mrefu wa ofisi ya machimbo, mwenye viatu vyeupe kwenye vumbi lote lile, nani anavaa viatu vyeupe bila sababu? Wengine wamekwisha kufa, na nimewakasirikia hukohuko waliko.

Jiwe silijali tena. Ninachotaka kujua ni kama miaka yote ile nilikuwa naeleza habari za mtu mwingine.

Usinipigie simu. Andika.

Mama yako


14 Juni

Mama,

Shikamoo. Hakuna mwanamke mwingine. Hakuwahi kuwepo. Nimeanza na hilo ili upumue, na mwenye viatu vyeupe umsamehe.

Sasa lililobaki.

Nilipokuwa na miaka ishirini, baba alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, kwa ile pikapu ya mwenye duka. Jumapili tatu tulizunguka tu, tunazunguka na kuzunguka. Ya nne nikamwuliza, "Baba, rivasi utanifundisha lini?" Alinitazama, akaweka paji la uso kwenye dashibodi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndipo akaniambia.

Basi lile la kijani lilikuwa halina rivasi. Aliivunja mwenyewe, wiki ya kwanza ya kazi, wakati wa kujaribu njia bila abiria. Kule kwenye lango la machimbo barabara ni nyembamba, mtaro huku na huku, huwezi kugeuza bila kurudi nyuma mara tatu au nne. Alipokuwa anamalizia kugeuza akagonga jiwe, akalazimisha gia, ikalia, ikafa. Alikuwa ameajiriwa siku sita tu. Akijua kwamba akisema atafukuzwa, hakusema. Siku ya kuanza na abiria alikuwa anaendesha huku anatafuta mahali popote pa kugeuza basi refu bila kurudi nyuma hata hatua moja. Mahali pekee palikuwa uwanja wenu. Akauzunguka. Alipomaliza kuzunguka, alikuwa na kiu ya hofu, na wewe ulikuwa na birika.

Kampuni waliambiwa daraja la mbele ni bovu. Depo ya jijini, mabasi yanakolala, ilikuwa na malango mawili, anaingia kwa hili anatokea kwa lile, na siku akibanwa, Filimbi na waosha magari walilisukuma nyuma kwa mikono. Alisema ilikuwa hivyo miaka minne. Akanishika mkono, akasema, "Usimwambie mama yako. Ile yake ni nzuri kuliko yangu."

Nilinyamaza kwa sababu aliniomba. Na nilipoombwa na wewe nikashindwa, kwa sababu nyingine. Kazi yangu, mama, ni kutia saini. Natengeneza lifti, natia saini kwenye kadi iliyobandikwa ndani, na watu wanapanda na watoto wao bila kuniona. Miaka kumi na tano sijatia saini chini ya kitu ninachojua si hivyo. Nilijaribu kwa ajili yako. Nilikaa mezani mara nne. Kalamu ilikataa.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ya pili, ya kamati. Ni ukurasa mmoja, ukweli mtupu, na saini inasomeka. Sikuifunga. Ukitaka, ipeleke. Ukitaka, ichome, uwaambie mwanao ana kazi nyingi, na sitakukanusha maisha yangu yote.

Nisamehe kukaa kimya.

Mwanao


Nyumbani, 20 Julai

Mwanangu, baba wa mjukuu wangu,

Tumshukuru Mungu tuko hai na kalamu ina wino. Goti limetulia. Ninyi nawaombea hivyohivyo, goti na yote.

Barua yako ilifika Jumatatu moja kabla ya sherehe. Niliisoma nimesimama langoni, nikaisoma tena nimekaa, mara ya tatu sikuisoma, niliishika tu.

Nitakwambia kilichoniuma, kwa sababu wewe uliniambia. Si rivasi. Chuma ni chuma, kinavunjika. Kilichoniuma ni kwamba alikwambia wewe. Miaka arobaini na mitatu nimelala na mtu kitanda kimoja, namjua anavyokoroma akiwa na homa na anavyokoroma akiwa mzima, na jambo kubwa kuliko yote la maisha yake akalicheka na mtoto, si na mimi. Jumanne sikumsalimia mtu. Picha yake ya ukutani niliigeuza.

Jumatano nikawa naosha vyombo, nikakumbuka siku ya harusi yetu. Alikuja kunichukua kwa shangazi, ambaye naye alishajenga pembeni mwa uwanja, na lile basi, limepambwa. Akapita mlango, akaenda mbele, akauzunguka uwanja wote, akarudi ndipo akasimama. Watu wakapiga vigelegele, wakasema bwana harusi anamzungukia mkewe kwa heshima! Nami nikanyoosha shingo kama malkia. Kumbe alipitiliza mlango tu, na kurudi nyuma hawezi. Mwanangu, nilicheka peke yangu mpaka sahani ikaniponyoka. Nikaenda nikaigeuza picha, nikamwambia, "Mshenzi wewe."

Alhamisi nikamwita Filimbi. Nikampikia chai, nikamkatia mkate, nikasubiri ashibe.

"Shemeji," nikamwambia, "nimeshajua."

"Umejua nini?" Mjanja yule, hata uzee haujampunguza.

"Rivasi."

Akavua kofia, akaiweka kwenye goti. "Afadhali. Ilikuwa inanikereketa kooni kila nikikuona."

"Miaka minne mlisukuma basi kwa mikono?"

"Minne? Nani kasema minne? Miwili, tena haikutimia. Kampuni ilileta giaboksi nyingine, mimi ndiye niliyeipokea pale depo."

"Mwanangu anasema baba yake alisema minne."

"Basi shemeji, alimwongezea mtoto. Ilipotengenezwa, wakubwa walimwita, wakamwambia sasa fika langoni pa machimbo, daraja tumelikagua, zima. Akawaambia abiria wameshazoea pale uwanjani. Tulipotoka nikamwuliza, dereva, abiria gani? Abiria wanakulaani kila asubuhi wakitembea! Akaniambia, Filimbi, puliza filimbi. Nikapuliza. Tukaenda, tukageuka hapahapa."

Nilimtazama sana. Alikuwa amekunywa vikombe vitatu, na mwanamume aliyeshiba chai yangu anaweza kusema lolote la kunifurahisha. Pia ana miaka sabini na sita. Kwa hiyo sijui, mwanangu. Kwako minne, kwake miwili, na mwenyewe hayupo nimkamate shati nimwulize. Lakini sisi tulioana mwaka wa tatu, na hiyo harusi niliyokusimulia, Filimbi nikamwuliza, kwa nini basi alinipitiliza mlango, kama rivasi ilikwisha kupona? Akajikuna, akasema, "Labda alikuwa anakuzungukia." Nimeamua kuamini miwili. Wewe ukitaka kaa na minne yako.

Ijumaa nilivaa lile gauni la bluu nikaipeleka bahasha mwenyewe. Karani aliisoma akaniangalia kama mtu anayeona gari linaelekea mtaroni. "Mama," akasema, "hii tukiiandika, si itakuwa aibu kwa mzee?" Nikamwambia, aibu ipi? Wewe unaweza kuendesha basi la watu sitini, miaka miwili, mvua na vumbi, bila kurudi nyuma hata hatua moja, na abiria asijue? Niitie dereva mmoja wa stendi hii anayeweza. Mmoja!

Sherehe ilifana. Viti vya plastiki mpaka kwenye lami, bendi ya shule, mabata wakatoroka bwawani kwa ajili ya ngoma. Mwenyekiti alitaka kusoma yake ya kulainisha. Nikamwomba kipaza sauti kwa heshima, hakunipa, nikakichukua. Nikasema, "Mimi ndiye Mama Birika. Miaka hamsini nimewaambia basi lilinifuata mimi. Basi halikunifuata. Mume wangu aliua rivasi siku ya sita ya kazi, akaogopa, akatafuta pa kuzungukia. Mji wenu huu, maktaba yenu, ngazi zenu za umeme, vyote vimeota kwenye kosa la kijana mmoja aliyeogopa kufukuzwa." Mke wa fundi cherehani hakukohoa. Kisha dereva mmoja kule stendi akaanza kucheka, akapiga honi, na mwingine, na mwingine, mpaka madereva wote wakawa wanapiga honi chini ya lile paa la kioo, na Filimbi akasimama kwa mkongojo akapuliza filimbi yake. Mtoto mmoja alilia kwa kelele. Mimi sikulia, uso wangu ulikuwa na jasho.

Jiwe limeandikwa hivi: *Basi la kwanza liligeukia hapa kwa sababu halikuwa na rivasi. Chai ilikuwa nzuri.* Ile ya mwisho niliomba iongezwe, na mchongaji, aliyekula mkate wangu, hakubisha. Watu wanapiga nalo picha. Wa jijini wanauliza ni chai gani, nami siku mbili hizi nimekuwa nikipita pale kwa bahati.

Sasa nina neno na wewe. Umefanya vizuri kutotia saini nilichokuomba. Nimewaambia wote kwamba mwanangu ni mtu ambaye akitia saini unaweza kupanda na watoto wako, na safari hii sikuongeza kitu.

Lakini ile Jumapili ya nne kwenye uwanja wa shule ni siku moja ya mume wangu ambayo mimi sinayo. Nyingine zote ninazo. Hiyo umekaa nayo wewe miaka ishirini na minne. Niandikie. Habari ya rivasi sina haja nayo, nimeshaijua. Niandikie alivaa nini, mlikuwa mkiongea nini mkizunguka, alinuka mafuta au sabuni. Na niandikie alicheka vipi mpaka akatoa machozi, maana mbele yangu alicheka kwa kuziba mdomo, kwa sababu ya lile jino. Sijawahi kumwona akicheka wazi.

Uandike kwa urefu. Karatasi zikiisha, nunua nyingine.

Mama yako